Jani Ndani ya Daftari la Mahudhurio

Mimi ni mtu wa majedwali. Nipe watoto, nitakupa safu: jina, jinsi, umri, kitongoji anachotoka, alama za muhula uliopita, alama za muhula huu, na pembeni nitakuchorea mshale wa kupanda au wa kushuka. Mume wangu hunitania kwamba hata harusi yetu niliichorea jedwali, na hakosei sana. Kwa hiyo nilipohamishiwa sekondari ndogo ya serikali huko juu Kibosho, nikapewa na kazi ya taaluma juu ya vipindi vyangu vya Hisabati, sikunung'unika. Nilinunua karatasi za manila na kalamu za rangi, nikaanza kazi.

Nilikuwa nimetoka kwetu Muheza, penye machungwa na joto. Kibosho nilikuta baridi, matope na migomba isiyo na mwisho. Shule imekaa kwenye mteremko, kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya asubuhi unarudishwa jioni na mtu anayepanda kutoka chini. Madarasa yalikuwa manne, moja kwa kila kidato, na hakuna lililojaa. Wenyeji waliniambia kwamba zamani watoto walibanana watatu kwenye dawati moja. Siku hizi vijana wameshuka mjini, wengine wamefika Arusha na Dar, wamezaa hukohuko, na watoto tuliokuwa nao wengi ni wale waliorudishwa mlimani kulelewa.

Hilo nililijua kwa fomu. Wiki ya kwanza niligawa fomu za taarifa za mwanafunzi, na palipoandikwa "Unaishi na nani?" nikawa nasoma jibu lilelile. Bibi. Bibi. Bibi na babu. Bibi. Shangazi. Bibi. Nilidhani wamenakiliana, kwa sababu nawajua wanafunzi. Nikasimama mbele ya kidato cha nne, nikasema kwa ukali kwamba yeyote asiyeishi na bibi yake anyooshe mkono. Ilinyooka mikono michache, na mmoja wa walionyoosha alikuwa anaishi na bibi wa jirani.

Walikuwepo pia waliopanda kila siku kutoka tambarare, wana wa watu waliokuja kulima mahindi huko chini, wanaofika shuleni na vumbi hadi magotini wakati wenzao wana matope. Na walikuwepo wavulana wawili wakubwa ambao msimu wa wageni ukifika walipotea, wakaenda kubeba mizigo ya wapanda mlima pamoja na wale vijana wanaoitwa wagumu. Walirudi nyuso zimebabuka kwa baridi ya juu, wakalala usingizi kwenye kipindi changu. Yote hayo niliyaandika. Nakiri kwamba niliyaandika kama daktari anayeandika dalili.

Kisha nikatengeneza kazi yangu kubwa. Niliunganisha karatasi mbili za manila, nikaandika juu kwa herufi kubwa: HALI YA NYUMBANI NA UFAULU. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne nilimpa mstari wake. Wanaoishi na wazazi niliwapaka kijani, wanaoishi na shangazi au mjomba njano, na wanaoishi na bibi nyekundu. Nikawapanga kwa alama, wa kwanza juu, wa mwisho chini. Nyekundu ikajikusanya chini. Ilipendeza macho, jinsi ilivyothibitisha nilichokuwa nimekwisha kukiamini. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi la walimu, mkuu wa shule akanijibu kwa alama ya dole gumba. Jumatatu nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, pale wanapopita wote.

Jumatano ikabanduliwa. Aliyeibandua alikuwa binti wa kidato hichohicho, mrefu, mkimya, mstari wake ukiwa wa mwisho kabisa. Pembeni ya jina lake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Anaishi na bibi. Wazazi: hakuna." Hakufanya kwa kificho. Aliibandua wakati wa mapumziko, kona moja baada ya nyingine ili isichanike, akaikunja mara nne kama mtu anayekunja shuka, akaja nayo ofisini akanipa.

"Mwalimu," alisema, "hii siyo ya ukutani."

Ninayo hasira ya karibu, hilo kila aliyefanya kazi na mimi analijua. Nilimwambia aende nyumbani na asirudi bila mlezi wake. Halafu, kwa kuwa hasira haikunitosha, nikafungua daftari la mahudhurio. Alikuwa amekosa siku nyingi mno. Mkuu wa shule alikuwa ameniachia orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa, na alikwisha kusema kwamba mtoro sugu asisajiliwe. Orodha ilitakiwa kuondoka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake, mstari ulionyooka vizuri. Miaka minne ya shule ya mtoto wa watu niliipitisha rula kwa muda unaotosha kupiga chafya.

Kesho yake bibi yake alikuja. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa kofia ya sufu, kanga mbili na mabuti ya mpira. Nilimwamkia shikamoo, nikamsogezea kiti, hakukaa. Aliingiza mkono ndani ya kanga akatoa jani moja refu la kijani, limefungwa fundo katikati, akalishika kwa mikono miwili mbele yangu.

"Mwalimu, mtoto amekosa," alisema. "Nimekuja na hili."

Nililipokea kwa mikono miwili. Kwetu kitu cha mtu mzima hakipokelewi kwa mkono mmoja. Nikasema asante, bibi. Moyoni nilijiuliza ni dawa au ni pambo, maana mmea wenyewe niliuona kila mahali, umepandwa kwenye mipaka ya mashamba na hata kwenye ua wa shule. Yeye akanishukuru kwa Kichagga, "Aika, mwalimu, aika sana," akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaondoka. Kusema kweli nilikasirika tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa maombi marefu na nilikuwa na majibu yake yote, hata moja sikulitumia. Jani lilikuwa refu na limenyooka, nikaliweka ndani ya daftari la mahudhurio kuwa alama ya kurasa.

Jumanne, kipindi changu cha kwanza nao wiki ile, nilipoingia kidato cha nne nilimkuta binti yule amekaa dawati la mbele, sare imefuliwa, viatu vimepigwa brashi.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Bibi amesema umepokea, mwalimu."

"Nimepokea nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake mzazi. Nikamwambia atoke. Nikamwambia jina lake nimekwisha kulifuta na halirudi.

Nimewahi kuwatoa wanafunzi wengi darasani, na siku zote yupo wa kucheka nyuma. Siku ile hakucheka mtu. Hawakunung'unika wala hawakunong'ona. Walinitazama mimi, wote, wale wa kijani na wale wa nyekundu, nami nikaona wazi kwamba wananiogopa, ila siyo kwa namna mwanafunzi anavyomwogopa mwalimu. Binti alikusanya madaftari yake taratibu akatoka. Nilifundisha vipeo kwa dakika zilizobaki na nadhani hakuna aliyesikia.

Saa nne mpishi wa shule alituletea chai. Ni mama wa palepale, mcheshi, anayejua kila mtoto alikula nini jana. Alipokuwa ananimiminia akaliona jani limechomoza kwenye daftari, akasimamisha birika hewani.

"Mwalimu, hili isale nani amekuletea?"

"Bibi wa yule mtoro wa kidato cha nne."

"Na wewe ukalipokea?"

"Sasa ningelitupa? Nililipokea kwa mikono miwili, nimelelewa mimi."

"Basi yameisha," alisema, akaendelea kumimina, ametulia.

"Yapi yameisha?"

"Hiyo kesi, mwalimu. Huku kwetu mtu akikukosea, hata akutukane mbele ya watu, hata asogeze mpaka wa kihamba chako, shamba ulilorithi, akija na isale unapokea. Ukishapokea, umesamehe. Hulisemi tena."

Nilimweleza yaliyotokea asubuhi ile darasani. Aliweka birika chini. Nikamuuliza, na sauti yangu nilisikia imepungua, mtu akipokea halafu akaendelea na kesi hufanywa nini.

"Sijawahi kusikia," alisema.

"Najua si kawaida. Lakini akifanya, adhabu yake ni nini?"

"Mwalimu, nimekwambia sijawahi kusikia. Mama yangu hajawahi kusikia. Sasa dawa yake mimi nitaijulia wapi?"

Nimeishi na kanuni maisha yangu yote ya kazi. Kanuni za mtihani, kanuni za usajili, kanuni za nidhamu, na kila moja ina kifungu cha yule atakayeivunja, maana walioiandika walijua atakuwepo. Hii ya mlimani haikuwa na kifungu hicho. Watu waligombana humu kwa mipaka, kwa maji, kwa urithi, wakakosana mno, na bado hakuna aliyekumbuka mtu aliyelipokea jani lile kisha akaligeuka. Mimi, mgeni kutoka Muheza, nilikuwa wa kwanza, na nilifanya hivyo kwa sababu ya karatasi za manila. Niliona aibu kubwa, na ndani ya aibu nikawa nastaajabu, kwamba kitu chepesi kiasi kile kinaweza kubeba uzito wote ule bila askari wala mhuri.

Mpishi hakuniacha nikae na mawazo yangu. Alitoka na kisu cha jikoni hadi kwenye ua wa shule, akakata jani jingine, akalifunga fundo, akaniletea.

"Nenda nalo leo hii," alisema. "Na usiongee sana. Wewe unaongea sana, mwalimu."

Baada ya vipindi vyangu nilipanda hadi kanisani kama alivyonielekeza, kisha nikafuata mfongo, ule mfereji wa kale unaoleta maji kutoka korongoni na kuyazungusha ubavuni mwa kilima. Ulikuwa mwembamba, ningeweza kuuruka. Nilitembea pembeni yake, maji yakienda nami, na baada ya hatua kadhaa nikasimama. Maji yalikuwa yanapanda. Nilitazama bonde, nikatazama mfereji, nikatazama bonde tena. Nikaokota jani kavu nikalidondosha, likaelea likanipita, likaendelea kupanda kilima mbele yangu.

Mimi ninafundisha mwinuko wa mstari. Nilijua haiwezekani, na baadaye nilielewa kwamba mfongo unashuka, ila unashuka kidogo mno, na kwa kuwa kilima kinaporomoka kwa kasi pembeni yake, jicho linadanganyika. Lakini kuelewa hakukuniondolea mshangao, kulizidisha. Mtu alikuwa ameupima mwinuko ule bila rula, bila kipimo cha maji, na kama angekosea kidogo upande mmoja maji yangesimama, na upande mwingine yangebomoa kilima. Aliyefanya hesabu ile hana cheti popote. Nilisimama pale hadi mabuti ya mtu aliyekuwa anakuja nyuma yangu yakanifanya nisogee.

Niliwakuta wote wawili ndani ya maji. Binti alikuwa amekunja sketi ya shule, anaziba mlango wa maji wa jirani kwa magogo ya mgomba na udongo, huku bibi yake, na magoti yake mabovu, anafungua mlango wao wa mwisho kwa jembe. Maji yakaingia chini ya kahawa na maharage. Nilisema shikamoo, nikanyoosha jani kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, licha ya onyo la mpishi.

Bibi aliangusha jembe, akafuta viganja kwenye kanga, akalichukua kabla sijamaliza kulinyanyua.

"Yameisha," alisema.

"Bibi, sijasema hata kosa langu."

"Umekuja nalo, mwalimu. Yameisha. Karibu ndani, kuna mtori."

Mimi si mtu wa machozi, lakini yalinitoka palepale, nimesimama kwenye matope na viatu vyangu vya ofisini. Nilikuwa nimekusanya hasira wiki nzima juu ya mtoto, na bibi yake alinisamehe mimi kwa muda usiotosha kuvua buti. Binti aliangalia pembeni ili nisione kwamba ameniona.

Tulipokuwa tunakula mtori binti aliniambia habari ya zamu. Zamu yao ya maji ni Jumanne na Ijumaa, kuanzia alfajiri hadi alasiri. Asiyekuwepo kwenye zamu yake, maji yanampita, naye anasubiri huku maharage yanakauka. Zamani bibi alifanya mwenyewe. Magoti yalipokataa, ikabaki kazi ya mjukuu, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna mtu wa tatu. Jumanne hii bibi alikuwa amemkatalia kabisa asibaki. Alimwambia aende shule, mwalimu amepokea, yeye atajikaza na maji.

Niliweka kijiko chini. Jumanne na Ijumaa. Niliuona ukurasa wa daftari mbele ya macho, alama za kutokuwepo zimejipanga wima kwenye safu mbili zilezile, wiki baada ya wiki, bila kukosea. Mimi mtu wa majedwali nilikuwa nimezijumlisha, wala sikuzisoma.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Fomu iliuliza ninaishi na nani, mwalimu," alisema. "Haikuuliza tunafanya nini."

Kesho yake asubuhi niliandika upya orodha nzima ya watahiniwa ili mstari mwekundu usionekane, jina lake likiwemo, nikamweleza mkuu wa shule kwa nini, na Ijumaa ikaondoka. Niliwauliza wote wa kidato cha nne siku zao za maji, nikakuta wengine watatu wenye safu zao kwenye daftari langu, nikahamisha vipindi vya marudio hadi alasiri. Kisha nikawapa darasa zima kazi ya nyumbani ambayo sijawahi kuitoa tena. Palipoandikwa "bibi" kwenye fomu, waniletee jina lake.

Wengi hawakulijua. Walikuwa wamemwita bibi tangu wajue kusema, na majirani walimwita mama wa fulani. Walikwenda kuuliza, wakarudi na majina mawili mawili, la ubatizo na la Kichagga, na wakati wa kuyasoma darasani walikuwa wanacheka na kuona fahari kwa pamoja. Nilipoyaandika kwenye safu moja, jina chini ya jina, nilijikuta nimeacha kalamu. Kundi la wanawake wazee, wengi wao hawakufika darasa la nne, wenye magoti mabovu na ng'ombe mmoja mmoja zizini, ndio waliokuwa wanaiendesha sekondari ile. Sisi wenye vyeti tulikuwa tunaingia saa moja na nusu na kutoka alasiri. Nilijisikia mdogo, na haikunisumbua.

Nilitengeneza orodha mpya, bila rangi na bila wa kwanza wala wa mwisho. Jina la mwanafunzi, alama zake, jina la anayemlea. Kabla ya kuibandika nilimwita binti yule ofisini nikampa aisome. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, akinifanya nisubiri.

"Hii ni ya ukutani," alisema.

Sitadanganya kwamba shule iligeuka. Wavulana wa mlimani waliendelea kulala kwenye kipindi changu, na wale wa tambarare waliendelea kuchelewa mvua zikinyesha. Binti yule Hisabati ilimtesa hadi mwisho. Alikuja alasiri, miguu bado ina udongo wa mfongo, akafanya swali moja mara tano, akakosea, akafanya mara ya sita. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, nilimtafuta kuanzia chini kwa mazoea na sikumkuta. Alikuwa katikati, daraja la tatu, Hisabati D. Ile D nimeitazama kuliko A zote nilizowahi kufundisha.

Niliyabandika matokeo kwa mpangilio wetu ule mpya. Siku hiyohiyo bibi yake alishuka, na kofia yake ya sufu na mabuti yake. Nikampeleka kwenye ubao. Hasomi, kwa hiyo nilishika kidole chake nikakiweka kwenye jina la mjukuu wake, nikamwambia, "Huyu hapa, amefaulu." Kisha kidole chake, chenyewe, kikasogea kulia kwenye safu ya mwisho.

"Na hapa pameandikwa nini?"

"Hapo ni wewe, bibi. Ni jina lako."

Alilitazama. Aliligusa herufi kwa herufi, kama anayepapasa maharage kuona kama yamekauka. Halafu akanigeukia, na hakuwa anatania.

"Na mimi nimepata ngapi, mwalimu?"

Jedwali langu halikuwa na safu ya kujibu swali hilo. Nilimwambia amefaulu.